Fimbo za Maharage Zilizochipua

Rosine ni jirani yangu hapa Kibumba, na ukimwona Jumamosi sokoni Goma na kabichi zake nene utadhani ana kilima kizima. Hana hata kona. Shamba analolima ni la mzee Théogène, anayeishi Katindo mjini na kufuga ng'ombe kwenye mlima ulio juu yetu. Kodi Rosine huilipa kwa jasho: kila Jumatatu anapalilia viazi vya mzee kabla ya kugusa vyake. Sisi tunaiita salongo. Aliyeibuni hakuwahi kushika jembe, hilo nakuapia.

Shamba la namna hiyo lina sharti lake. Panda kinacholiwa kikaisha: viazi, maharage, kabichi. Mti usipande, kwa maana mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Basi wenye milima wana ng'ombe na miti, na sisi tuna mazao ya msimu, tukianza upya kila mvua kama watu waliohamia jana.

Mwaka huu mvua iliwahi. Maharage ya Rosine yakaanza kutambaa chini yakitafuta fimbo za kupandia. Fimbo hukaushwa juani kwanza, kila mtu hapa anajua. Lakini haraka haraka haina baraka: Rosine alikata mibirizi mibichi kando ya njia, ule mti wa majani machungu, akaisimika hivyo hivyo. Maharage yalipotoa maua, fimbo nazo zilikuwa zimechipua.

Mzee Théogène akaja kutazama ng'ombe wake, akasimama ukingoni mwa shamba.

"Mama Rosine, ni nani alipanda hii miti?"

"Siyo miti, muzee. Ni fimbo ya maharage tu."

"Fimbo yenye kuwa na majani? Toa yote leo, ao utoke mu shamba yangu."

"Maharage haiyakomaa, muzee. Niachiliye mpaka ku mavuno."

Nilikuwa napalilia shamba la pembeni, na hasira ilinipanda. Kung'oa fimbo wakati ule ni kuyaua maharage, na watoto wa Rosine hawakuwa na chakula kingine hadi viazi vikomae. Mtu mwenye mlima mzima anaogopa vijiti! Nikamwuliza, bila adabu hata kidogo, anaogopa nini.

Hakukasirika. Alitazama ng'ombe wake kule mlimani.

"Papa yangu alianzaka vile vile," akasema. "Ilikuwa shamba ya mutu. Akasimika fimbo ya maharage, ikatoka majani, mwenye shamba akanyamaza. Leo ule mulima ni yangu."

Tukazing'oa, mimi na Rosine, naye mzee akingoja hadi ya mwisho. Maharage yalilala kwenye matope na maua yake. Alipokwenda zake, Rosine aliketi juu ya tuta.

"Bénédicte," akaniambia, "kumbe nilikuwa karibu kuwa na shamba. Na ni mimi mwenyewe nilimuambia ni fimbo tu."