Soseji Zenye Sandwichi Ndani

Hapana, makaa haikuwa na shida. Mtu asisingizie makaa. Ilikuwa makaa kavu, imetoka Subukia, na niliwasha mimi mwenyewe. Shida ilikuwa huu mkono wangu.

Msichana wangu wa mwisho alikuwa mpishi kwa hoteli moja huko Nakuru mjini. Hoteli ikafungwa. Akarudi hapa Lanet, akakodi bucha, akaanza kutengeneza soseji zake. Si zile umezoea. Alichukua sandwichi ya watu wa hoteli, akatoa mkate, hizo zingine zote akajaza ndani ya utumbo: nyama imesagwa, ile jibini wanaita chizi, kitunguu, achari ya tango, mastadi. Ingine ilikuwa ya kuku na yai. "Mama," ananiambia na ile sauti ya hoteli, inapitia puani kama ako na homa, "mtu akiuma, asikie sandwichi yote."

Watu wa Lanet walikuja kuangalia tu. Mzee mmoja alikuwa mwanajeshi, bado anaongea akiamrisha: "Mathe! Hii ni nyama ama ni mkate?" Jirani yangu, yule huongea kama analia hata akicheka: "Ngai, chizi ndani ya matumbo? Mimi nipimie mifupa nusu kilo." Vijana nao: "Niaje shosh, si utuonjeshe?" Wakionja, wanaenda. Jioni nilikuwa naigiza hao wote, msichana anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu ikafika wakati nikiigiza, anaangalia tu sahani.

Alikuwa ameniambia wazi. Kuna bwana wa lodge huko pande za Kariandusi, anakuja Jumamosi kuonja. Akipenda, atachukua soseji kila wiki. Akikataa, "Mama, nafunga. Naenda Saudia kufanya kazi ya nyumba." Na mimi nilikuwa na yeye tu. Wale wengine nilishazika.

Akanifundisha kuchoma. "Makaa weka upande mmoja. Soseji ikae ule upande hauna moto, uifunike, ipikike pole pole. Geuza na koleo, si uma. Mwisho kabisa ndio unaisongeza kwa moto, ngozi ishike rangi. Na usidunge, Mama. Ukidunga, chizi inakimbia."

"Usidungeee, Mama," nikamrudishia na puani. Hiyo alicheka, kidogo.

Lakini mimi niliuza mutura, yale matumbo ya kujazwa nyama na damu, miaka mingi. Mume wangu alikufa akaniachia hiyo waya ya kuchomea na watoto. Watu walinichekelea, ati hiyo ni kazi ya wanaume, na nikachoma. Sasa mutura, kila ukigeuza unaidunga na kijiti, ndio hewa itoke, isikupasukie. Usipodunga, umeharibu.

Jumamosi ikafika. Yule bwana akapiga simu, amepotea njia. Msichana akakimbia barabarani kumchukua. "Mama, angalia hizo tu. Usifanye kitu."

Nikakaa. Nilikuwa nafikiria ndege ya kwenda Saudia, vile mtu huingizwa ndani na mlango unafungwa. Soseji zikaanza kufura, zikalia ile sauti nyembamba. Niliposikia gate, nikaangalia chini. Kijiti kiko mkononi. Zote nane ziko na mashimo. Chizi imemwagika kwa makaa, moto umepanda, kunanuka maziwa imeungua.

Msichana aliona kijiti. Alipanga zile mbili hazikuwa nyeusi sana kwa sahani, akaweka kachumbari kando. Yule bwana akakata. Ndani kulikuwa kukavu, tango imekauka kama ganda. Mimi nikajaribu: "Kula, mgeni wetu, iko na moshi tamu," na ile sauti ya watangazaji wa redio. Hakuna mtu alicheka.

Msichana wangu alienda Saudia na begi moja. Hunipigia Jumapili, laini inakatika, namsikia nusu. Ile bucha siku hizi wanauza mapazia.

Lakini hiyo yote ilikuja baadaye. Hiyo siku, yule bwana aliweka kisu chini, akafuta vidole kimoja kimoja. Mimi hakuniangalia. Alimwangalia yeye.

"Dada, hii ni ngozi imeungua. Usinipigie tena."