Saruji ya Bure kwenye Ukuta wa Chokaa

Nakumbuka asubuhi moja ya Kawe, mwanangu, jua halijawa kali bado, nilipoona mifuko ya saruji ikishushwa mbele ya nyumba ya Bibi Felista, na mwenye mifuko akikataa hata kushukuriwa. Machale yakaanza kunicheza. Mtu anayetoa kitu kizito halafu akakimbia asante, mimi humtazama mara ya pili. Tabia hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo ninayotaka kukueleza, inafaa wapi na inaharibu wapi.

Wakati ule nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na majibu yake. Nilibeba zege Temeke, nikauza maji Kigamboni kwenye foleni ya pantoni, mwisho nikaangukia Kawe kwa Bibi Felista, muuguzi mstaafu mwenye asili ya Songea, mjane. Alinipa chumba cha uani. Nikawa nafagia, nachota maji, na mvua ikinyesha napanda darini kutafuta panapovuja.

Nyumba yenyewe usingeamini kama iko Kawe. Aliijenga Mwingereza mmoja, nadhani alikuwa na hamu kali ya kwao, kwa mtindo wa enzi za Malkia Victoria. Paa limechongoka kama kofia. Mbao za pembezoni mwa paa zimetobolewatobolewa kama kitambaa cha kufuma. Dirisha la sebuleni limetokeza nje kama tumbo la mtu aliyeshiba. Na ilikuwa na dohani, bomba la kutolea moshi juu ya paa! Mtaa ambao watu hulala madirisha wazi kutafuta upepo, yeye alijenga mahali pa kuota moto. Watu wazima kabisa waliniapia kwamba ndani ya ile dohani Mjerumani alificha rupia zake, ingawa mjenzi alikuwa Mwingereza. Nilichungulia. Kulikuwa na popo.

Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Marehemu mume wa Bibi alikuwa karani wa Mzungu wa mwisho kuishi pale, akauziwa. Baadaye serikali ikaiweka nyumba kwenye hifadhi ya majengo ya kale, maana yake hakuna kubomoa wala kubadili kitu bila kibali. Aliyekwambia hiyo ni heshima tupu hajawahi kuishi ndani ya heshima hiyo. Bawaba ya dirisha iking'oka, Bibi anaomba ruhusa. Lakini mlango mmoja ulikuwa wazi, na mtaa mzima uliujua. Kuta zikionekana ni hatari kwa watu, nyumba inaweza kuondolewa kwenye hifadhi na kuangushwa.

Mtaa ulijua na jambo jingine. Jirani yetu Bwana Gervas, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikitaka kile kiwanja ajenge ukumbi wa harusi. Alishamwomba Bibi amuuzie, Bibi akamjibu kwamba atatoka mle ndani akiwa amebebwa.

Sasa huyo huyo ndiye aliyekuja na saruji.

"Mama mkubwa, ukuta wako unavua nguo hadharani," alisema akicheka. "Mie jirani yako nitalala vipi? Mafundi wangu watapiga plasta, wewe kaa kwenye kiti unywe chai."

Majirani wakapiga makofi. "Mungu akuzidishie, Gervas!" Yeye akapunga mkono, hataki asante. Mimi moto ukanipanda kichwani.

"Hii saruji ina lake jambo!" nikaropoka mbele ya wote. "Si wewe unayekitaka kiwanja? Leo huruma imetoka wapi?"

Gervas hata hakukasirika. Aliwageukia watu. "Mnamsikia dogo? Anakula kwa bibi wa watu, analala kwa bibi wa watu, leo amekuwa wakili wake." Watu wakaangua kicheko. Kisha akashusha sauti. "Mama mkubwa, kama nimekuudhi napakia mifuko yangu, naondoka. Sina neno."

Bibi alinitazama, akawatazama majirani, akasema, "Karibu, baba. Waambie mafundi waanze."

Jioni aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimekutetea, bibi."

"Umenifunga mdomo. Nilikuwa na maneno yangu mimi. Ningemwambia tungoje kibali. Ningemwambia tungoje wajukuu waje. Kungoja huko kungemchosha, angeondoka na mifuko yake bila ugomvi. Sasa mtu wa nyumbani kwangu amemtukana aliyekuja na zawadi, mbele ya watu. Ningekataaje? Ningekuwa nimesema matusi yako nimekutuma mimi." Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Marehemu hakuwahi kuruhusu saruji iguse kuta hizi. Kwa nini, sikumuuliza. Na mimi moyo wangu haujatulia. Lakini wewe uliyepiga kelele, unajua nini?"

"Sijui kitu, bibi."

"Basi nenda ukajue. Ukirudi na kelele tena, usinirudie."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na makuli na makondakta, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama yale ya mama aliyekuwa anachambua mchele.

Nikaenda mjini, kwenye ofisi inayoshughulikia majengo ya kale. Njiani nilikuwa nawashuku na hao pia, maana nani alijua kama Gervas hakuwa ameshafika? Nilipokewa na dada mmoja aitwaye Neema. Nilimweleza yote, akaacha alichokuwa anafanya.

"Plasta wameanzia wapi?"

"Ukuta wenye lile dirisha lililotokeza."

"Ndio unaobeba uzito wa paa upande ule." Akasogeza kiti karibu. "Kuna bwana alikuja hapa kuuliza, ukuta ukipasuka nani hutangaza kwamba nyumba ni hatari. Jina hakuacha, nikadhani ni ndugu wa bibi."

Halafu akanieleza nilichokuwa nakitafuta. Mawe yale hunywa unyevu wa ardhini, na chokaa huuachia utoke taratibu. Saruji huuziba. Maji yakikosa njia huanza kuila chokaa ya ndani. Nje ukuta unang'aa kama bi harusi, ndani unalegea.

Neema aliahidi kuja, na Bibi nilipomsimulia alisema tungoje tuone kwa macho. Neema akachelewa, kama ofisi zinavyochelewa. Mvua za kwanza zikamtangulia. Sebuleni ukuta ukaanza kutoka jasho, na chumvi nyeupe ikachanua juu ya rangi. Gervas akapita, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nyumba imezeeka hii, mama mkubwa. Ujue mie nakuonea huruma." Nilijing'ata ulimi. Bibi akamkaribisha chai.

Siku Neema alipofika alitoa chaki, akachora alama ukutani. Mama mwenye genge la mboga mkabala na kwetu akapiga ukelele, "X! Wamemwekea bibi X!" Mtaa ukajaa. Unajua sie watu wa Dar na alama ya X ukutani, ya nyumba ya kubomolewa. Ukiiona unaanza kuhamisha vyombo. Hata mimi nilimshika Neema mkono.

"Dada, hiyo alama ya nini?"

"Ya mahali pa kubandua plasta. Braza, wewe unamshuku kila mtu?"

"Kila mtu, dada."

Akacheka. "Basi usiniamini. Gonga mwenyewe."

Niligonga ukuta wa zamani, ukanijibu kwa sauti nzito, kama gunia lililojaa. Niligonga plasta mpya, ikalia kama debe tupu. Akaibandua kwa tindo. Nyuma yake chokaa ilitoka mbichi, laini kama uji wa mgonjwa, ikamdondokea kiganjani. Watu wakasogea kuona. Bibi akakaa kwenye ngazi.

"Kumbe nyumba yangu ilikuwa inanyweshwa sumu," alisema polepole, "na mimi nashukuru."

Gervas alikuwa ameshafika, mkono kifuani. "Mama mkubwa, haki ya Mungu, mie muuza saruji tu. Mambo ya chokaa ningeyajuaje?"

Nilifungua mdomo. Bibi akanikata kwa jicho, akamjibu yeye kwa upole ule ule wa siku ya kwanza.

"Kweli, baba, ungeyajuaje. Wewe nia yako ilikuwa njema, na majirani wote ni mashahidi. Ndiyo maana najua hutaniacha hivi. Mafundi wako waje waibandue yote, na chokaa utatuletea kutoka kwa wachomaji wa Mbweni, ili zawadi yako itimie."

Gervas aliwatazama watu. Watu walimtazama yeye, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Haina shida, mama mkubwa," alisema.

Na aliifanya kazi, hadi ukuta wa mwisho. Bibi aliishi mle miaka mingi, akatoka amebebwa kama alivyosema. Leo mjukuu wake ndiye anayeomba vibali na kulalamika, na nyumba imesimama.

Mpaka leo sijui kama Gervas alikuwa anajua saruji itafanya nini. Nimewaza, nimepindua, sijui. Nimejifunza kukaa na neno hilo bila kuona aibu.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Shuku. Mji huu hauna huruma na anayeamini kila tabasamu. Lakini shaka ikikujia, ifunge mdomo na uivalishe viatu, itembee ikaulize. Shaka inayopiga kelele kabla ya kujua humpa nguvu yule yule unayemwogopa. Na ukishajua, usikimbilie kumvunja mtu. Muachie mlango wa kutokea, ila hakikisha mlango huo unapitia kwenye kutengeneza alichoharibu. Nyumba za kale utakazorithi, za mawe au za watu, usizipake kitu kipya kabla hujajua zinapumuaje.

Nawe, hata mimi usiniamini hivi hivi. Nenda Kawe, mwamkie mjukuu wa Bibi, omba ruhusa, ugonge ukuta mwenyewe.

Mungu akupe sikio la kusikia kilicho nyuma ya rangi, akupe na subira ya Bibi Felista. Siku utakayobebwa, ubebwe kutoka nyumbani kwako. Amina.