Mkalimani wa Ghorofa Nne

Jina lake halisi liliandikwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, lakini kwenye foleni hakuna aliyejisumbua kulisoma. Wote walimwita Redio, naye aliitika. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni kazi yake ilikuwa kutoa sauti za watu wengine, katika jengo la ghorofa nne ambamo wakimbizi na waomba hifadhi walihudumiwa. Ya kwanza usajili, ya pili makazi, ya tatu afya, ya nne shule. Kila ghorofa na makarani wake, mafaili yake na maringo yake. Karani wa makazi na karani wa afya walipanda ngazi zile zile miaka sita bila kupeana hata karatasi moja. Wakikutana walizungumzia mpira.

Mtu pekee aliyeingia ghorofa zote nne ni Redio, maana kati ya wakalimani ndiye aliyejua lugha ya kule walikotoka wengi wa wakimbizi hao. Mafaili yalikuwa na vipande vipande, lakini kichwani mwake familia zilikaa nzima: nani kahamishwa chumba, mtoto wa nani hajapata shule, mama gani ana kisukari. Alichokosa ni ruhusa ya kusema. Alikuwa ametia saini karatasi kwamba atasema kilichosemwa, hataongeza, hatapunguza, wala hatatoa neno chumba kimoja akalipeleka kingine.

Na msidhani alitia saini shingo upande. Miaka kumi na minne kabla ya hapo, alipofika mwenyewe na binti zake wawili, mdogo akiwa mgongoni, alikalimaniwa na mfanyabiashara mmoja mwenye haraka zake. Yeye, mwalimu wa hesabu, alieleza kwa nusu saa jinsi mume wake alivyochukuliwa. Yule bwana akageuza yote kuwa sentensi mbili, na moja kati ya hizo akaitunga mwenyewe. Ombi likakataliwa, mama wa watu akasota miaka mitatu. Ndiyo maana ile sheria aliishika kwa meno. “Redio haina maoni,” aliwaambia wakalimani wapya. Wao walicheka, yeye hakucheka.

Kisha akaja mama mmoja fundi wa nguo, ambaye foleni ilimwita Mshonaji, na binti yake wa miaka sita mwenye tundu kwenye moyo. Mtoto mwenyewe alikuwa na mdomo balaa. Kila baada ya ngazi tano ilibidi akae chini apumue, lakini maneno hayakupumzika. Daktari alikuwa ameshasema apasuliwe, na mapema. Madaktari wa upasuaji huo walikuja mara moja tu kwa mwaka, kwa wiki moja, na watoto waliochaguliwa waliitwa kwa barua. Uhai wa yule mtoto, basi, ulitegemea barua moja ifike mlango sahihi.

Jumatatu moja, ghorofa ya pili, Mshonaji aliambiwa ahame kutoka hosteli aende chumba cha upande wa pili wa mji. Redio alikalimani, karani akaandika anwani mpya kwenye daftari lake. Alhamisi wakawa ghorofa ya tatu. Karani wa afya aliuliza bila kuinua kichwa, “Kuna chochote kilichobadilika tangu mwezi uliopita?”

“Hakuna,” alisema Mshonaji.

 Redio alijua si kweli, na alijua kwa nini neno hilo limesemwa. Foleni ilikuwa na elimu yake: mwenye mabadiliko hupewa fomu mpya, na mwenye fomu mpya huanza upya. Mwaka uliotangulia Mshonaji alikuwa mkweli, akasema mume wake ameondoka na hajarudi. Faili lake likashushwa usajili, likalala huko miezi minane. Tangu hapo, yeye na wenzake walimfundisha kila mgeni jibu moja.

“Hakuna,” Redio akamwambia karani.

Kisha alimkimbilia Mshonaji kwenye ngazi. “Mdogo wangu, rudi uwaambie umehama. Barua itakwenda hosteli.”

“Dada, nakuomba, usiniharibie. Jina la mtoto limeshaingia kwenye orodha. Wakisikia nimehama watalitoa, nianze tena.”

“Na barua je?”

“Jirani yangu bado yuko pale pale. Ameniahidi ikija tu ananiletea.”

Redio alikwenda kwa mkuu wa wakalimani kuomba ruhusa ya kuipeleka anwani mpya ghorofa ya tatu. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. “Leo utabeba neno jema,” akasema. “Kesho mtu atakwambia siri yake, nawe utaibeba pia? Kila ofisi na faili lake, mama.” Redio alitoka pale amepata nafuu. Kusema kweli alifurahi kukatazwa, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna.

Wiki ya pili ofisi ya makazi ikamhamisha yule jirani pia.

Barua ilikuja. Waliohamia chumba cha Mshonaji pale hosteli hawakujua kuisoma, na karatasi yenye muhuri wa serikali waliogopa kuifungua na kuogopa zaidi kuitupa. Waliiweka juu ya kabati, wakawa wanaipangusa vumbi kwa adabu zote. Wiki ya upasuaji ikapita. Ghorofa ya tatu wakaandika, “Hakufika.”

Mshonaji alipokwenda kuulizia, karani alimjibu kwamba mtoto aliitwa, hakuletwa, basi mpaka mwakani. Redio alilisema hilo neno kwa neno. Kisha, akiwa bado amesimama pale dirishani, akamtajia karani anwani mpya, bila kuulizwa na mtu. Karani alikata ya zamani akaandika mpya pembeni. Hakukuwa na fomu wala kuanza upya. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli.

Mwaka ulipita. Barua ya pili ikafika mlango sahihi, na Redio akaitwa hospitalini kukalimani. Mtoto alikuwa amekonda, kucha zimegeuka rangi ya zambarau. Shule alikuwa ameshaanza, kwani ghorofa ya nne walau walifanya kazi yao, na lugha ya daktari sasa aliizungumza vizuri kuliko ya mama yake. Shule walilijua hilo. Faili la hospitali liliandikwa kwamba mgonjwa anahitaji mkalimani, na daktari aliamini faili. Akazungumza mbele ya mtoto kama vile hayupo.

“Mwambie mishipa ya mapafu imeshakuwa migumu. Tukimpasua sasa tutamuua. Tutampa dawa za kumpunguzia taabu, basi. Mwaka jana tungemponya. Muulize kwa nini hakumleta.”

Mshonaji alikuwa akimtazama Redio usoni, akingoja. Redio alisema habari ya mapafu. Alisema habari ya dawa.  Miaka yote ile hakuwahi kupunguza neno la mtu, wala kumtungia mtu sentensi.

“Anasema hata mwaka jana isingewezekana,” akamwambia. “Anasema hakuna ulichokosea.”

Mshonaji alilia huku ameziba mdomo kwa kanga. Kisha akafuta macho, akamtazama Redio kwa shaka, maana daktari alikuwa bado amekaza macho kama mtu anayengoja jibu. Akamgeukia binti yake.

“Wewe unaisikia lugha yao. Ndivyo alivyosema?”

Mtoto alimwangalia daktari, akamwangalia Redio. Redio aliinamisha uso, hakuthubutu kumtazama.

“Ndiyo, mama,” alisema mtoto. “Ndivyo alivyosema.”