Kufuli la Pili Kwenye Ghala la Alizeti

Saa moja kasoro asubuhi, mbele ya mlango wa chuma wa ghala la kiwanda cha mafuta ya alizeti, watu wawili wanasalimiana bila haraka. Mmoja ni mtunza stoo wa kiwanda, mwenye shati la kaki na kalamu nyuma ya sikio. Mwingine ni mwanamke wa makamo ambaye kiwanda kizima, kuanzia mwenye mali hadi mfagiaji, kinamwita Mama Kufuli.

Mtunza stoo anafungua kufuli jekundu na kusogea pembeni. Mama Kufuli anavuta kamba iliyo shingoni, ufunguo unachomoza kwenye kola ya gauni, naye anafungua kufuli la buluu. Ndipo wabebaji wanausukuma mlango, na harufu ya mbegu kavu inatoka nje.

Asubuhi zote ni hivyo. Mmoja asipofika, mwenzake atabaki kuukodolea mlango macho.

"Humu ndani hata punje moja si yangu," anasema Mama Kufuli huku akiwatazama wabebaji. "Lakini haitoki bila mimi. Sasa sijui niringe au nilie."

Kufuli jekundu ni la kiwanda. La buluu ni la benki iliyokikopesha kiwanda, ingawa hakuna mtu wa benki aliyewahi kulishika.

Msimu wa mavuno ni mfupi, na ndani ya wiki chache kiwanda lazima kinunue mbegu za kukamua mwaka mzima. Hakuna mwenye kiwanda cha kadiri hii anayetembea na fedha kama hizo mfukoni. Hapo ndipo inapoingia benki kubwa ya maendeleo, inayomilikiwa na nchi kadhaa kwa pamoja. Benki hiyo haina dirisha la kuwekea akiba wala haimkopeshi mtu mmoja mmoja. Inaikopesha benki ya mjini, na benki ya mjini ndiyo inayokikopesha kiwanda, ili kinunue mbegu na kuuza mafuta hata ng'ambo ya mpaka.

Mbegu zenyewe ndizo dhamana. Kila mteja anapolipa, sehemu ya deni inapungua na magunia kadhaa yanaruhusiwa kutoka. Ruhusa ya benki ya mjini isipokuja, kufuli la buluu halifunguliwi. Mama Kufuli ameajiriwa na kampuni ndogo ya kusimamia maghala, kwa mshahara unaoishia kwenye kodi ya vyumba viwili na ada ya mtoto mmoja. Mtoto wa pili analipiwa na baba yake.

"Wale wakubwa hawamjui mwenye kiwanda," anaeleza afisa wa mikopo wa benki ya mjini. "Wanatujua sisi. Sisi tunalijua ghala. Na ghala, kusema kweli, tunalijua kupitia yule mama. Akilegea yeye, wote tumelala chali."

Mume wa Mama Kufuli ni fundi wa mashine za kukamua katika kiwanda hichohicho, na kwa miaka yote alikuwa akilipwa kwa siku. Mashine ikizunguka anarudi na kitu nyumbani, ikisimama anarudi mikono mitupu.

"Nilioa mwanamke mmoja, nikaletewa na kufuli," anasema mume. "Harusini tunaenda na ufunguo, msibani tunaenda na ufunguo. Hata akioga yuko nao."

Utani huo ulikauka msimu uliopita. Mnunuzi mkubwa wa ng'ambo ya mpaka alichelewesha malipo. Magunia yaliyokuwa na ruhusa yakaisha, mashine zikanyamaza, na wafanyakazi zaidi ya arobaini wakabaki kukaa uani. Mtu akikosa kazi kwa sababu ghala ni tupu, anaelewa. Hawa walikuwa wameegemea ukuta wa ghala lililojaa hadi darini.

Siku ya tatu, jioni, mwenye kiwanda alipiga hodi nyumbani kwa Mama Kufuli. Ni mtu mzima mwenye mvi, asiye na kawaida ya kutembelea watu. Alipewa kiti, akapewa maji, akaulizia watoto. Kisha akasema alichokuja nacho.

"Mwanangu, sikuombi uibe. Mzigo ni wangu, jasho langu. Nipe magunia hamsini tu, mashine zisilale. Hela ya mteja ikiingia tunasawazisha. Nani atajua?"

"Mzee wangu," alimjibu, "kama ni wako, mbona umekuja kuniomba?"

Mzee alimaliza maji yake taratibu, akaaga. Mume, aliyekuwa uani akikaza miguu ya kigoda, aliingia ndani.

"Umemjibu mtu mzima vile?"

"Nimemjibu kwa heshima."

"Haya. Na kesho tunakula heshima?"

Mama Kufuli anasimulia hayo akiangalia pembeni.

"Iliniuma sana. Nilimwonea huruma mume wangu, nikamwonea huruma na mzee, maana watu wanamwona tajiri lakini naye alikuwa amebanwa kweli. Nikajiona mimi ndiye mwenye roho mbaya mtaa mzima."

Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida. Alipofika, kufuli jekundu lilikuwa limeshafunguliwa, linaning'inia. Wafanyakazi wote walikuwa wamekaa wakiutazama mlango. Hakuna aliyemtukana, ila hakuna aliyeitikia salamu yake pia. Lilikuwa limebaki lake tu.

Hakulifungua. Aligeuka, akaketi kwenye kizingiti, mgongo ukiegemea chuma.

"Ningerudi nyumbani wangesema nimekimbia," anasema. "Nikaona bora nikae hapohapo."

Kisha mumewe akainuka kutoka kwa wenzake, akavuka ua, akasimama mbele yake.

"Sogea," alimwambia, akaketi naye.

"Usidhani nilikuwa nimemwelewa," anasema mume leo. "Hasira nilikuwa nayo, na chai sikuwa nimekunywa. Lakini nisingeweza kumwacha mke wangu akae peke yake mbele ya watu kama mwizi aliyekamatwa."

Fedha za mnunuzi ziliingia wiki iliyofuata, ruhusa ikatoka, mashine zikaunguruma tena. Ingependeza kuandika kwamba kila mtu alifurahi, lakini haikuwa hivyo. Duka moja kubwa lililokuwa likisubiri mafuta lilikwenda kununua kwingine.

"Yule mteja hajarudi hadi leo," anasema mwenye kiwanda. "Siwezi kukudanganya kwamba sikukasirika. Mwezi mzima nilikuwa nampita yule mama bila kumsemesha."

Baadaye wakaja wakaguzi wa benki kubwa, kwa mara ya kwanza. Walihesabu magunia, wakayapima kwenye mizani, na hesabu ikalingana. Afisa wa mikopo anasema hiyo haikuwa sababu pekee ya yaliyofuata, ila kama isingelingana, mazungumzo yangeishia getini. Msimu huu mkopo umeongezwa, kiwanda kimefunga mashine ya tatu, na mume wa Mama Kufuli sasa analipwa kwa mwezi.

Mambo yakienda hivi, anasema mwenye kiwanda, baada ya misimu miwili atanunua mbegu kwa fedha zake mwenyewe. Siku hiyo kufuli la buluu litaondolewa, na kazi ya Mama Kufuli hapo itakuwa imekwisha. Kampuni yake inaweza kumpeleka kwenye ghala jingine mji mwingine, au isimpeleke popote.

"Nalijua hilo," anasema. "Kila gunia likitoka, najipunguzia kazi. Lakini nataka kufuli hili liondoke. Mume wangu akamue bila kungoja ufunguo wangu."

Mpango wake ni kuuza mafuta kwa rejareja karibu na nyumbani. Chumba cha mbele kipo, na bei ya pampu ya kupimia ameshaulizia. Mtaji ndio hana. Basi mwezi uliopita alijikaza, akamwendea mwenye kiwanda huku akitarajia kunyimwa, akamwomba kwamba wakati ukifika ampe mapipa mawili kwa mali kauli, achukue kwanza, alipe akishauza. Mzee alikubali kabla hajamaliza kueleza.

Mzee anapoulizwa atamdai dhamana gani, anashangaa kidogo.

"Dhamana ya nini tena?" anasema. "Mimi mwenyewe nilimwomba magunia hamsini ya kwangu, akaninyima."