Chai Baada ya Mzani

Siku ya kwanza kazini, Shosho, yaani nyanya yangu, alipewa kiti, kikokotoo na onyo. Onyo lilitoka kwa Meneja wa Ununuzi, mzee mrefu aliyeongea polepole: "Msichana, hapa hatunywi chai ya mtu anayetuuzia kitu. Hata maji."

Naandika vile Shosho alivyonisimulia, maana mimi kuongea na watu ni shida, lakini kumsikiliza yeye naweza kutwa nzima. Alistaafu mwaka jana. Kiwanda chao hapa Nakuru kinatengeneza krispi, na kazi yake ilikuwa kununua viazi.

Nilidhani kampuni hununua vile Mama hununua sokoni: unaangalia, unapatana, unabeba. Shosho alicheka. Kwanza Mkuu wa Ubora anakaanga sampo, yaani viazi vichache vya mkulima. Kiazi kikiwa na sukari nyingi, krispi inatoka nyeusi kama imeungua, na hapo maneno yameisha. Rangi ikiwa nzuri, mkulima anaambiwa alete kotesheni, yaani bei yake kwa maandishi, na wenzake pia walete zao. Kisha wakubwa wanakaa kamati, kila mmoja na wasiwasi wake. Wa ubora anataka rangi, mhasibu anataka bei ya chini, na fundi wa mashine anaomba tu viazi visije na mawe.

"Hakuna mtu mmoja hununua," Shosho anasema. "Ndiyo maana inachelewa hivyo."

Mwaka wake wa kwanza, kamati ilimchagua Mama Chebet wa Molo, aliyekuwa akikusanya viazi vyake na vya majirani. Shosho, bado akiwa probesheni, yaani kwa majaribio, alitumwa wakubaliane siku za kupakia. Baridi ya Molo mnaijua. Mama Chebet alimkaribisha jikoni karibu na moto, akamwekea kikombe cha chai ya maziwa mazito.

"Asante mama, sinywi."

"Tumbo linakusumbua?"

"Hapana. Ni sheria ya kazi. Haturuhusiwi kuchukua chai."

Mama Chebet alikuwa amesikia ile chai nyingine, ile inayoombwa ndipo mtu apitishe karatasi zako.

"Kumbe nakuhonga? Na maziwa ya ng'ombe wangu? Mwambie bosi wako viazi vyangu vitaenda Nairobi."

Shosho alirudi Nakuru akijua amejifuta kazi mwenyewe. Stoo ilikuwa imebaki na viazi vya siku chache tu. Vikiisha, mashine zinasimama, na wa probesheni ndiye anatumwa nyumbani kwanza. Alimwambia Meneja kila kitu. Meneja akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza.

"Nilikwambia usinywe chai. Sikukwambia umtukane mama wa watu."

"Sasa nifanye nini, bosi?"

"Twende tukanywe. Lakini mzani kwanza."

Kesho yake walipanda Molo pamoja, na lori likiwafuata. Meneja alisimama nje ya boma, kofia mkononi, akaomba msamaha kwa niaba ya ofisi. Halafu akaeleza: viazi vipimwe, kila kitu kiandikwe, lori liondoke. Likishatoka getini hakuna tena cha kuhongwa, na chai inabaki kuwa chai.

Mama Chebet alimwangalia Shosho. "Na huyu atakunywa?"

"Viwili," Shosho akasema.

"Basi leteni huo mzani."

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kwake kila alipoenda kununua. Tatizo ni kwamba barabara za huko ni matope, lori hukwama getini, na Shosho anasema miaka yote hiyo alikunywa chai iliyopoa.

Nilimuuliza kama anaikumbuka kazi. Akasema bei ameshazisahau zote. Anachokosa ni harufu ya sampo ikikaangwa asubuhi, na kelele za wakubwa wakibishana juu ya kiazi.

Jumamosi tulienda Molo, mimi na yeye. Mama Chebet siku hizi anatembea na mkongojo, lakini chai aliimimina mwenyewe kabla hata hatujaketi. Mimi nilikunywa. Shosho alishika kikombe chake kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni, macho kwa geti.

"Kunywa, wewe," Mama Chebet akamwambia. "Leo hakuna lori."