Shimo Kabla ya Bei

Kituo cha afya cha parokia yetu, hapa Kinampanda, kilikuwa kimefunga wodi ya wazazi baada ya kuta kupasuka. Wajawazito walipelekwa Kiomboi kwa bodaboda. Kwa kuwa ni mhandisi mstaafu, nilikabidhiwa uenyekiti wa kamati ya kujenga wodi mpya. Nafasi ya kujenga ilikuwa moja. Ya kubomoa na kurudia haikuwepo.

Nilishikilia zabuni ya hatua mbili. Kwanza wakandarasi walete maelezo ya namna watakavyojenga, pasipo bei, tujadiliane na kila mmoja. Michoro yangu ikisharekebishwa, ndipo walete bei katika bahasha zilizofungwa. Wajumbe walinung'unika kwamba nawachelewesha.

Mkandarasi wa tatu kuitwa alikuwa mwanamke kutoka Manyoni, umri wa binti yangu wa mwisho. Alituamkia, akaketi, akafungua michoro.

"Mzee, mmeandika chini ni changarawe. Nani alichimba?"

Mimi niliyewakaripia watu miaka yote kwa kusema "inasemekana", niliandika changarawe kwa kuwa marehemu baba aliniambia hivyo. Neno la baba sikuwahi kulihesabu kuwa uvumi.

"Hakuna aliyechimba," nilikiri.

"Basi naomba tuchimbe."

Mjumbe mmoja, mzee mwenzangu, akacheka. "Binti, umekuja kujenga wodi au choo?"

"Choo kikipasuka, babu, utakwenda kwa jirani. Mwenye uchungu aende kwa nani?"

Kesho yake tulichimba. Changarawe ilikuwepo, kina cha goti. Chini yake ulilala udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Msingi wangu ungeishia juu yake. Niliuchora upya, nikawapelekea wakandarasi wote watatu, nao wakaleta bei za msingi huo.

Bei ya yule mwanamke wa Manyoni ilikuwa juu kuliko ya mwenzake mmoja, naye huyo ndiye aliyepata kazi. Utaratibu ulikuwa wazi, sikuupinda. Nilisoma matokeo mbele yao wote, kisha nikaeleza kosa lilikuwa la nani, na nani aliyelibaini.

Alipokuwa akiaga aliniuliza, "Ule msingi hamtaupunguza?"

"Hata inchi moja."

"Nashukuru, mzee."

Aliyepaswa kushukuru ni mimi, na siku ile nilishindwa kulitamka neno hilo. Wodi imepita misimu miwili ya mvua. Nimezikagua kuta zote kwa macho yangu, sikuona ufa. Jana nilimpigia simu, nikamweleza hivyo, nikamshukuru kwa sauti.