Kama Humwoni Tai, Sema

Kuna siku moja haijataka kunitoka, mwanangu, na mimi nimeshachoka kubishana nayo. Acha nikusimulie, pengine nikiitua kwako itanipunguzia uzito. Ilikuwa Jumamosi, mvua za vuli zimeanza, na sisi tuko juu ya paa la ghorofa moja pale Buruburu, shingo zimepinda, tunatafuta tai angani.

Usicheke. Nyinyi mnapanda juu na simu zenu na kamera zenu na hakuna anayewauliza. Sisi tulionekana watu wa ajabu. Paa lile lilikuwa la kuanika nguo, limejaa matangi ya maji na kamba, na ukitaka kuona anga ilibidi usogeze shuka la mtu. Akina mama waliopanda na beseni zao walituuliza kama tunamngoja Yesu, na kama ndivyo, tuwape habari mapema waanue nguo. Soja wa geti naye alitukwepa kwa muda mrefu kwa sababu ya darubini. Alidhani sisi ni makachero.

Kiongozi wetu alikuwa Mzee Makokha, mtu wa magharibi aliyestaafu kutoka kiwanda cha sabuni, akikaa mtaa wa Mbotela na mkewe, Mama Nekesa. Alikuwa na darubini moja nzito na subira ya punda. Nyuma yake kulikuwa na Kioko, dereva wa lori, na mimi Mwende, karani kijana, binti ya mchonga vinyago, niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee. Wengine walikuja wakapotea. Kutazama ndege hakulipi, na watu wa mitaa yetu hii ya Eastlands wana shughuli zao.

Mwewe unamjua, hana haja ya darubini. Huyo ni jirani, anakaa nasi mwaka mzima, na samosa ya mtoto ikimpendeza anashuka kuichukua bila hodi. Tai tuliowangoja sisi ni wageni. Wanatoka mbali kaskazini baridi ikianza kwao, wanapita juu yetu vuli ikinyesha, wakifuata mvua na kumbikumbi. Lakini wanapita juu sana. Ukiwa Buruburu, tai ni kidoa kisichozidi mbegu ya mtama, na mara nyingi huwezi kumpata mpaka aliyempata kwanza akuelekeze.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wetu. Mzee alikuwa na macho ya kutushinda. Alisema, pale, juu ya tangi la kushoto, panda kidogo, umemwona? Unatazama mpaka machozi yanatoka. Anauliza tena. Akiuliza mara ya tatu unaona haya, unasema, "Ndiyo, Mzee." Kila mtazamaji wa ndege amewahi kusema ndiyo hiyo, na anayekataa ameisema kuliko wenzake. Zamani haikudhuru kitu. Tai alikuwepo kweli, na ukivuta subira kidogo alishuka, nawe ukamwona. Tukajifunza kwamba kumkubalia Mzee ni salama. Penye wazee hapaharibiki neno, si ndivyo tulivyofunzwa?

Basi vuli ile Mzee akaanza kuona tai wengi kuliko miaka yote. Kila Jumamosi alikuwa na wawili, watatu. Sisi tulitazama tusione kitu, tukasema ndiyo, tukangoja washuke, na hawakushuka. Tukasema labda wamepita. Nikaja kugundua jambo moja lililonipa baridi. Mzee akigeuka kuelekea Jogoo Road, tai wake nao wanaelekea Jogoo Road. Akigeuka kuelekea Donholm, nao wanahamia huko. Hakuna ndege wa hivyo, mwanangu.

Nikamwambia Kioko tukishuka ngazi. Akanijibu kwamba huyu mzee ndiye aliyetufundisha sote kutofautisha bawa na bawa, na mimi ni nani wa kumwambia haoni. Mama yangu alikuwa akinituma chumvi kwa Mama Nekesa tangu sijaota meno ya mbele. Mtoto wa namna hiyo anamfungulia Mzee Makokha mdomo kutoka wapi? Tukaamua kumwacha na tai wake. Tuliona ni huruma, tena tuliona ni adabu, na wala hatukudhani kuna kinachoharibika zaidi ya hesabu ya ndege.

Sasa rudi nami kwenye Jumamosi ile. Asubuhi mvua ilikuwa imeosha anga mpaka ikabaki buluu tupu. Mzee alikuwa ametoka nyumbani bila sweta, na Mama Nekesa akamfuata nalo, pamoja na chupa ya chai. Hakuwahi kupanda kwenye paa lile, kwa ajili ya magoti yake. Alipotokea mlangoni akihema, Mzee alifurahi kama bwana harusi. Akamshika mkono, akamwonyesha juu, akamwambia tai watatu wanapita kuelekea Athi. Mimi na Kioko, kwa mazoea, tukasema ndiyo.

Mama Nekesa akaweka kiganja juu ya macho. Alitazama bila haraka, vile alivyozoea kutazama mahindi kabla ya kununua.

"Wako wapi?" akauliza.

Mzee akamwambia ni pale, na kama haamini amuulize Mwende. Mama Nekesa akanigeukia. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Huyu mtu kikombe namshikisha mkononi ndio akipate," akasema, na hakuwa akipaza sauti. "Juzi amegonga mlango ukiwa wazi. Nikimwambia twende hospitali, ananiambia macho yake ni mazima, ati Jumamosi ameona tai na vijana pia wamewaona. Kumbe vijana ni nyinyi."

Shuka la mtu lilikuwa likipigwa na upepo kando yetu. Kioko alijishughulisha na kifuniko cha chupa ya chai. Mzee alibaki ameinua uso, kisha akaniuliza polepole kama mtu anayejaribu ngazi gizani.

"Mwende, hapo juu kuna kitu?"

"Hakuna, Mzee."

"Na Jumamosi iliyopita?"

"Sikuona kitu, Mzee."

Hakumwuliza Kioko. Alivaa sweta lake, akashika bega la mkewe, wakashuka. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa akipapasa kila kidato kwa mguu kabla ya kukikanyaga. Alikuwa ameshuka hivyo kwa wiki nyingi mbele yetu, sisi watazamaji.

Nilifuatana nao hospitali. Daktari alikuwa dada mpole, akatueleza kwa utaratibu. Nyuma ya jicho, alisema, kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, na ya Mzee ilikuwa imechanika na kubanduka. Ngozi hiyo ikianza kuchanika, mtu huona vidoa vyeusi vinaelea, baadaye kivuli kinashuka kama pazia. Anayefika wakati wa vidoa mara nyingi husaidika. Kisha akamwuliza Mzee alianza kuona vidoa lini.

"Mimi sijaona vidoa, daktari," Mzee akasema. "Nimeona tai."

Daktari akatabasamu, akidhani ni mzaha wa wazee. Alipotutazama mimi na Mama Nekesa, akaacha.

Jicho la kulia lilikuwa limekwenda. La kushoto waliliokoa nusunusu, akabaki akiona mlango na mtu aliyesimama mlangoni, lakini sura ya mtu huyo hakuipata tena. Nililia, mwanangu, nililia kwenye benchi la hospitali mbele za watu, na hata leo nikikumbuka natamani kulia ila nguvu za kulia nazo zimepungua.

Mimi na Kioko tulikwepa nyumba ile mpaka Mzee alipotuita mwenyewe. Tulimkuta kwenye kiti chake, jicho limefungwa bendeji. Mama Nekesa akatuandalia chai na mihogo, akakaa pembeni. Mzee akangoja tumalize kula, kwa maana hakuwa mtu wa kumgombeza mgeni mwenye njaa.

"Macho ni ya Mungu," akasema. "Akitaka vyake anachukua, mimi siteti. Ninachoteta ni hiyo ndiyo yenu. Kule juu nilikuwa na macho sita, mawili yangu na manne yenu. Yangu yakaharibika, nikabaki nategemea yenu, na nyinyi mkayafumba ati mnaniheshimu."

Kioko akajitetea kwamba tulimwogopa.

"Mbwa wa jirani pia ananiogopa," Mzee akasema. "Sijamwita rafiki."

Hayo ndiyo maneno yaliyobaki nami. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi la mkuu tulilisikia, tukaliitikia, na guu lililovunjika likawa lake. Kwa hiyo usiniletee methali ukidhani imemaliza kazi. Methali ni kisu, na kisu lazima kishikwe na mtu mwenye akili.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Jumamosi tukishuka kutoka Buruburu tulipita kwake, naye akauliza tumeona nini. Mwanzoni ilituwia vigumu kumwambia hakuna. Tuliona ni kama kumpelekea mgonjwa sahani tupu. Lakini yeye alitikisa kichwa, akauliza upepo ulitoka wapi, mawingu yalikuwa ya namna gani, mwewe walikuwa juu au chini, na ile hakuna yetu akaipokea kama habari kamili. Na ni habari, mwanangu. Miaka ilivyozidi, hakuna zikawa nyingi kuliko tai. Wengine wanasema ni sumu, wengine nyaya za stima, wengine huko wanakotoka kumeharibika. Mimi sijui. Ninajua tu kwamba kama tungeendelea kusema ndiyo, mpaka leo tungeamini wanapita.

Mama Nekesa hakutulaumu tena baada ya siku ile ya paa. Aliendelea kumshikisha mumewe kikombe mkononi mpaka mwisho, na nilipomwambia siku ya mazishi kwamba naomba msamaha, alinijibu kwamba alishaniona nikilia kwenye benchi, nisiwachoshe watu. Basi sikumchosha.

Sasa mimi nami nimekuwa shosho, bibi wa watu. Ghorofa zimeota kila upande, na anga ya kutazama imebaki vipande. Magoti hayataki ngazi. Bado napanda, kwa sababu nisipopanda nitakaa nyumbani nihesabu maumivu. Na nyinyi mnanibebea kiti, mnaniwekea mto, mnaninyamazia nikisinzia. Nawashukuru. Lakini Jumamosi iliyopita niliwaonyesha tai juu ya ule mnara wa simu, mkasema, "Eeh, shosho, tumemwona." Wote, isipokuwa Shiro, yule mgeni wenu, msichana aliyekuja juzi na viatu vya kuazima. Yeye alitazama, akatazama tena, akasema, "Zii, shosho. Hakuna kitu hapo."

Na wewe ukamfinya. Usikatae, nilimsikia akiguna. Ukamnong'oneza aheshimu wazee.

Sitakudanganya, jibu lake liliniuma. Mtu aliyetazama ndege umri wake wote kuambiwa na mtoto wa juzi kwamba anaona hewa, si jambo la kuchekea. Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani, na usiku nikakaa na hofu yangu, kwa maana mimi, tofauti na Mzee Makokha, nilijua hofu hiyo inaitwaje. Jumatatu nikaenda kwa daktari wa macho. Ameona pameanza kuchanika, padogo, na amesema wakati wa kupaziba bado upo. Keshokutwa ninaingia. Nimechoka, mwanangu, na ninaogopa ile taa yao ya kuzibia jicho, lakini nitaingia nikiwa na macho mawili.

Kwa hiyo nimekuita wewe, wala si Shiro. Shiro sina la kumfundisha. Wewe una adabu nzuri, umelelewa, salamu zako hazina kasoro, na ndiyo sababu nakuhofia. Heshima si kuitikia. Mkubwa akikuonyesha kitu usichokiona, mwambie hukioni. Mwambie kwa upole, mwite shosho, au guka akiwa babu, mshike mkono ukimwambia, lakini mwambie. Akikasirika, mwache akasirike, hasira ya mzee haina miguu mirefu. Na wewe utakapokuwa mkubwa, maana siku hiyo inakuja bila kupiga honi, usimwadhibu anayekwambia hakuna. Nenda ukamwombe Shiro radhi leo hii, kabla hajajifunza kusema ndiyo kama sisi.

Haya, nenda. Mungu akulindie macho yako mpaka uzeeni, na siku yatakapoanza kukudanganya, asikunyime mtu wa kukwambia hakuna.